Saa ya Fundi: Waislamu wa Zamani Waliipangaje Siku ya Kazi?



  

Katika mtaa wetu wa Buyenzi, hapa Bujumbura, watu wengi hawana bosi. Wapo mafundi wa gereji, mafundi cherehani, wauza nguo, akina mama wanaouza ndagala waliokaushwa, wapishi wa chapati na sambusa, na siku hizi wapo vijana wanaotengeneza simu au wanaofanya kazi za kompyuta nyumbani kwao. Kila mmoja ni mkubwa wa kazi yake. Hakuna anayempigia kengele ya kuingia wala ya kutoka.

Mwaka mmoja, zikiwa zimebaki siku chache kabla ya Idi, fundi cherehani mmoja jirani yetu alipokea nguo nyingi kuliko mikono yake. Kila aliyekuja na kitambaa na avansi alimwambia, "Lete tu, inshaallah itakuwa tayari." Akashona mchana na usiku kwa siku tatu. Tarawehe hakuziona, daku alikula amesimama. Usiku wa mwisho usingizi ukamshinda mkasi ukiwa mkononi, akakata kitambaa cha kanzu ya mteja mahali pasipokatwa. Ilibidi alipe. Asubuhi ya Idi watoto wake wenyewe walikwenda kuswali na nguo za mwaka uliopita, kwani zao hazikushonwa. Tulipokwenda kumpa pole alituambia neno ambalo hatujalisahau: "Sina bosi, lakini sijapata kuona bosi mkali kama mimi mwenyewe."

Neno lile ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Wengi wa waliotutangulia katika dini hii walikuwa watu wa kujiajiri: wafanyabiashara, mafundi, wakulima, wavuvi. Je, wao waliipangaje siku yao hata wakapata riziki, wakapata elimu, na miili yao isiangamie? Tuifuate historia kidogo kidogo, labda tutapata la kutufaa.

Soko la Madina

Waislamu walipohama Makka kwenda Madina mwaka 622, wengi walifika mikono mitupu. Abdulrahman bin Awf (r.a.) aliunganishwa udugu na Saad bin Rabii (r.a.), mtu tajiri wa Madina, ambaye alikuwa tayari kumgawia nusu ya mali yake. Abdulrahman alimwombea baraka ndugu yake, kisha akaomba kitu kimoja tu: aonyeshwe soko. Akaonyeshwa soko la Banu Qaynuqaa, na akarudi na faida ya jibini kavu na samli. Baadaye alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Madina.

Basi soko lile lilikuwa na watu wenye bidii kubwa. Lakini tukiitazama siku yao tunaona ina mgawanyo. Katika Sura An-Nabaa, aya ya 9 hadi ya 11, Allah anatukumbusha kwamba usingizi ni mapumziko, usiku ni kama vazi la kutufunika, na mchana ni wa kutafuta maisha. Katika Sura An-Nuur, aya ya 58, zimetajwa nyakati tatu ambazo hata watoto wa nyumbani wanatakiwa kubisha hodi: kabla ya sala ya alfajiri, wakati watu wanapovua nguo zao adhuhuri, na baada ya sala ya isha. Tuzingatie hiyo ya pili. Kupumzika adhuhuri ilikuwa desturi ya nyumba za Madina inayojulikana na kila mtu, hata ikawekewa adabu zake ndani ya Qur'ani. Mapumziko hayo ndiyo yanayoitwa qailula. Naye Sahl bin Saad (r.a.) amepokelewa akieleza kuwa siku ya Ijumaa masahaba walikuwa wakichelewesha qailula na chakula cha mchana mpaka sala ya Ijumaa iishe. Maana yake ni kwamba siku nyingine walikuwa wanapumzika mapema zaidi, kabla jua halijawa kali mno.

Ama mwanzo wa siku, Mtume (s.a.w.) aliuombea umma wake baraka katika asubuhi zake za mapema. Aliyeipokea hadithi hiyo ni Sakhr al-Ghamidi (r.a.), naye alikuwa mfanyabiashara. Wapokezi wanasema kwamba alikuwa akizituma bidhaa zake mwanzo wa mchana, na mali yake ikawa nyingi. Hadithi hiyo imo katika Abu Daud na Tirmidhi. Na ama mwisho wa siku, imepokelewa kuwa Mtume (s.a.w.) alichukia kulala kabla ya isha na kuchukia mazungumzo baada yake. Basi ukiziweka hizi pamoja unapata siku nzima: kazi nzito asubuhi, mapumziko adhuhuri, kazi tena alasiri, na usiku kufungwa mapema.

Elimu nayo walikuwa wakiitafutia nafasi. Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa akiishi pembezoni mwa Madina, naye na jirani yake Mwansari walipeana zamu: siku moja huyu anashuka kwa Mtume (s.a.w.), siku ya pili yule, na kila aliyeshuka alimletea mwenzake habari za siku ile. Aliyebaki alishughulikia mambo yake. Tunalipenda sana jambo hili, kwani linatuonyesha watu wawili wasio na mwajiri wanaotambua kwamba siku moja haitoshi kila kitu, wakagawana.

Wanachuoni wenye duka

Vijana wetu wengi wanadhani wanachuoni wakubwa walikaa msikitini tu wakiletewa chakula. Sivyo ilivyokuwa. Imam Abu Hanifa, aliyezaliwa mwaka 80 Hijria (699) na kufariki mwaka 150 (767), alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa katika mji wa Kufa. Alikuwa na washirika katika biashara, na hilo lilimpa nafasi ya kukaa na wanafunzi wake bila kuwa mzigo kwa mtu yeyote.

Majina yenyewe ya wanachuoni yanatusimulia. Al-Khassaf, mwanachuoni wa Baghdad aliyeandika juu ya hukumu za wakfu, jina lake linatokana na kushona viatu. Al-Qaffal al-Marwazi, imamu mkubwa wa madhehebu ya Shafi, alikuwa fundi wa kufuli, na alianza kusoma elimu ya dini akiwa na umri wa kama miaka 30. Al-Jassas jina lake ni la watu wa chokaa. Hawa wote walipita njia moja na fundi wetu wa Buyenzi, isipokuwa walijua saa ipi ni ya duka na saa ipi si ya duka.

Aliyewasaidia kujua ni nani? Ni adhana. Katika miji ya Waislamu kuipima siku ilikuwa kazi ya heshima. Misikiti mikubwa ya Misri na Sham iliweka mtaalamu wa nyakati, aliyeitwa muwaqqit. Mashuhuri kati yao ni Ibn al-Shatir wa Damascus (1304 hadi 1375), mtaalamu wa nyota. Mwaka 1371 alitengeneza saa kubwa ya jua kwa ajili ya mnara wa Msikiti wa Bani Umayya, ili nyakati za sala zijulikane bila makosa. Mwenye duka hakuhitaji saa ya kwake. Sauti kutoka mnarani ilimwambia kwamba adhuhuri imefika, na mara tano kwa siku ilimtoa mikono kazini, atake asitake.

Saa ya Kiswahili

Wasomaji wetu wanafunzi huchekwa wakienda Ulaya au Marekani wakisema saa moja asubuhi hali ya kuwa wenzao wanasema saa saba. Wasione haya, kwani hesabu yetu ina asili yake. Sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza, na tunaanza upya linapozama. Siku ya Kiislamu nayo inaanza magharibi, ndiyo maana usiku wa kuamkia Ijumaa una hukumu za Ijumaa. Katika dola ya Uthmaniya pia saa zilihesabiwa kuanzia kuzama jua, na kwa kuwa kule urefu wa mchana hubadilika sana kati ya kiangazi na baridi, saa zilikuwa zinarekebishwa kila mara. Uturuki iliacha hesabu hiyo tarehe 1 Januari 1926. Sisi tulio karibu na Ikweta mchana wetu haubadiliki sana mwaka mzima, kwa hiyo hesabu yetu imedumu hadi leo bila taabu.

Saa ya namna hii inamwambia mtu amebakiwa na mwanga kiasi gani. Ukisikia saa kumi, unajua jua limebakiza saa mbili hivi. Ni saa ya mtu anayefanya kazi akilitazama jua.

Pepo, njia na ziwa

Uislamu na lugha hii ya Kiswahili vilifika kwetu huku Burundi pamoja na watu wa misafara, kupitia Tabora na Ujiji, katika karne ya 19. Watu hao walikuwa na mpango wa kazi uliofuata maumbile. Huko pwani majahazi yalikuja na kaskazi, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Machi, na yakarudi Arabuni na Bara Hindi kwa kusi. Nahodha aliyekosa upepo wake hakuwa na la kufanya ila kungoja. Ule muda wa kungoja aliutumia kutengeneza chombo, kukusanya madeni na kukaa na watu wake.

Huku bara, wapagazi wa misafara, wengi wao Wanyamwezi, waliamka giza, wakabeba mizigo yao na kutembea kungali na ubaridi, na kabla ya jua la utosi msafara ulikuwa umeshapiga kambi. Mchana ulikuwa wa kupika, kupumzika na kufanya biashara na wenyeji. Walikuwa wakipita katika mbuga zenye jua kali kwa miezi kadhaa, na aliyelazimisha kutembea mchana kutwa asingefika.

Na ziwa letu Tanganyika lina somo lake pia. Wavuvi wa ndagala huvua usiku wa giza kwa sababu samaki wale hufuata mwanga. Zamani waliwasha moto wa kuni ndani ya mtumbwi na kuwachota kwa wavu wa lusenga. Kuanzia miaka ya 1950 zikaingia karabai na nyavu kubwa zinazobebwa na mitumbwi iliyounganishwa, na leo zipo taa za betri. Lakini taa zote hizo hazishindani na mwezi mpevu. Mwezi unapojaa mwanga hutawanyika ziwa zima, samaki hawakusanyiki, na wavuvi hubaki nchi kavu. Siku hizo ndizo za kushona nyavu, kuziba mitumbwi, kwenda harusini na kulala na familia zao. Mvuvi anakubali kwamba katika kila mwezi zipo siku ambazo si za kuvua. Hata ziwa lenyewe limeanza kupewa mapumziko: mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane.

Tuliangalie pia jambo lingine kwa mvuvi. Kazi yake ni usiku na usingizi wake ni mchana, tofauti na muuza nguo. Wala hatumlaumu, kwani riziki yake imewekwa hapo. Lililo muhimu ni kwamba amelipanga, analala saa zinazojulikana, na nyumba yake inazijua.

Saa ya mwajiri

Sasa tujiulize, mazoea ya kudhani kwamba mtu mwenye bidii ni yule asiyepumzika yametoka wapi? Sehemu yake kubwa imetoka viwandani na mashambani. Viwanda vya Uingereza vya karne ya 18 na 19 viliwafanyisha watu kazi kwa kengele, na mashine haikujua asubuhi wala jioni. Mambo yalikuwa mabaya kiasi kwamba mwaka 1847 ilipitishwa sheria ya kuwawekea wanawake na vijana wa viwanda vya nguo mpaka wa saa 10 kwa siku.

Kwetu Afrika Mashariki lugha yenyewe imehifadhi kumbukumbu. Kibarua ni barua ndogo, yaani kile kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa, na mwisho mtu mwenyewe akaitwa jina la karatasi yake. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika kikaja kipande, kadi ya siku 30 za kazi, kila siku ikikamilika inatiwa alama. Huko nyuma mtu alijua kwamba leo ni siku ya kuvuna au ya kupumzika. Kwenye kipande siku zote zikawa sawa.

Wafanyakazi walidai haki zao, na mwaka 1919 Shirika la Kazi Duniani katika mkataba wake wa kwanza kabisa liliweka mpaka wa saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki kwa wafanyakazi wa viwandani. Ni jambo jema. Lakini tuangalie, mkataba ule ulikusudiwa kumzuia mwajiri. Aliyejiajiri, mwajiri wake ni yeye mwenyewe, na hakuna mkaguzi wa serikali atakayekuja saa nne usiku kumwambia fundi wetu azime cherehani. Basi huyu anayemlinda ni nani? Kwa waliotutangulia jibu lilikuwa wazi: adhana, jua, na haki za watu wa nyumbani mwake.

Elimu ya leo inasemaje?

Mwaka 1938 mtaalamu wa usingizi Nathaniel Kleitman na mwanafunzi wake Bruce Richardson walikaa siku 32 ndani ya pango la Mammoth huko Kentucky, Marekani, mahali pasipofika mwanga wa jua, wakijaribu kuishi siku ya saa 28. Richardson, aliyekuwa kijana, mwili wake uliizoea. Kleitman alishindwa kabisa, mwili wake ukaendelea na saa 24 kana kwamba unaliona jua. Tunajifunza mawili hapo: kwamba ndani ya mwili imo saa, na kwamba watu hawafanani. Mwaka 2017 wataalamu watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kueleza jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya chembe hai. Wataalamu wanaeleza pia kwamba wengi wetu uchangamfu hupungua baada ya adhuhuri, hata kama hatujala. Subhanallah, ndio wakati ule ule wa qailula.

Na madhara ya kuipuuza saa hiyo yamepimwa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa hesabu kwamba mwaka 2016 watu 745,000 walifariki kwa kiharusi na maradhi ya moyo yanayohusiana na kufanya kazi saa nyingi, yaani saa 55 au zaidi kwa wiki. Anayefanya kazi kiasi hicho hatari yake ya kupata kiharusi ilikadiriwa kuzidi kwa asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40. Tuwahesabie jirani zetu wanaofungua duka saa kumi na mbili alfajiri na kufunga saa tatu usiku, siku sita au saba. Hizo ni saa 90 na zaidi.

Tuchukue lipi?

Hatusemi watu wafanye kazi kidogo. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba hakuna chakula bora kuliko kile mtu anachokula kwa kazi ya mkono wake, na akamtaja Nabii Daud (a.s.) kuwa mfano. Tunachosema ni kila kazi kuiweka mahali pake.

Kwanza, ile kazi inayotaka akili na macho tuiweke baada ya alfajiri. Fundi akate vitambaa asubuhi, ashone mchana, apige pasi na kuweka vifungo jioni. Mwanafunzi asome hesabu asubuhi, na aache kunakili madaftari kwa wakati wa uchovu.

Pili, turudishe qailula. Hata dakika 20 dukani, kichwa kikiwa juu ya kitambaa, si uvivu. Wazee wetu wa pwani walifunga maduka adhuhuri na kufungua alasiri, na biashara zao hazikufa.

Tatu, adhana iwe mpaka. Tusiseme "nimalizie hii kwanza." Anayeinuka mara tano kwa siku hawezi kuisahau siku yake.

Nne, kila mtu ajichunguze. Aandike kwa wiki mbili ni saa ngapi mikono yake ina wepesi na saa ngapi anakosea. Mama anayepika usiku kwa ajili ya wateja wa asubuhi atakuwa na hesabu yake, na mvuvi yake. Kisha awaambie wa nyumbani ili wamsaidie.

Tano, tujue mwezi mpevu wetu. Kila kazi ina msimu wake mkubwa na msimu wake wa ukame. Msimu wa Idi tusipokee kupita uwezo, na msimu mtulivu tusikae na huzuni dukani, tuutumie kwa mashine, madeni, masomo na wazazi.

Salman al-Farisi (r.a.) alipomkuta ndugu yake Abu Dardaa (r.a.) amezidisha ibada mpaka amewasahau wa nyumbani mwake, alimkumbusha kuwa Mola wake ana haki, nafsi yake ina haki na ahli zake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Mtume (s.a.w.) akalithibitisha neno la Salman. Ikiwa ibada yenyewe imewekewa kiasi, cherehani je?

Jirani yetu yule bado anashona. Siku hizi ana daftari, na ikifika tarehe 15 Ramadhani analifunga. Wapo wateja waliokasirika wakaenda kwingine, naye hakuwafuata. Idi iliyofuata tulimwona kwenye uwanja wa sala, safu ya mbele, na watoto wake watatu wamevaa kanzu mpya alizowashonea mwenyewe, nguo za kwanza kabisa kutoka cherehanini mwaka ule.

Allah atujaalie baraka katika asubuhi zetu, atulinde miili yetu, na atupe riziki ya halali isiyotusahaulisha. Amin.

Wabillahi tawfiq.